Sheikh Farsy: Aliyejibu kwa kalamu

Ubishi wa vijiweni Mabibo kuhusu Yesu na Muhammad haukuanza leo. Mwaka 1923, Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Kiingereza Zanzibar alitoa Qurani nzima kwa Kiswahili, ikiwa na maelezo ya upande wa Wakristo.

Abdullah Saleh Farsy, mtoto wa Zanzibar aliyezaliwa 1912, alikuja kujibu kwa kalamu. Aliandika maisha ya Mtume Muhammad, kisha akafasiri Qurani yote. Ikatoka Nairobi 1969, yeye akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Humo Isa ni nabii, mwana wa Maryam, wala si Mwana wa Mungu.

Asiyejua Kiarabu sasa akayasoma hayo kwa sheikh wa pwani yake mwenyewe. Farsy alifariki Oman 1982. Tafsiri yake bado inasomwa.