Kabla ya dhahabu, Temu alikuwa wa 49

Juzi katika uwanja wa Bukhungu, hapa Kakamega, baada ya mbio za nyika za wanafunzi, niliwauliza vijana kadhaa ni Mkenya yupi aliyetangulia wenzake kutwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Wote walimtaja Kipchoge Keino, na mwalimu wao akaafiki kwa kichwa. Sikuwalaumu. Jina la Keino ni kubwa, na ukubwa huo aliutolea jasho. Hata hivyo jibu lenyewe si sahihi, na kosa hilo linamnyima haki yake marehemu Naftali Temu.

Temu alizaliwa Aprili 1945 katika nchi ya Abagusii, ambako mbio za masafa marefu hazikuwa jambo geni. Nyandika Maiyoro alikuwa wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, kisha wa sita kule Rome mwaka 1960. Arere Anentia naye alirejea kutoka Cardiff mwaka 1958 na nishani ya shaba ya maili sita. Kijana wa huko, basi, alikuwa na watu wa kuwaiga. Temu alijiunga na jeshi. Enzi hizo mbio hazikuwa na malipo, na mkimbiaji asiye na kazi ya mshahara hakuwa na budi kuacha.

Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 19, alipelekwa Tokyo kukimbia marathon. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda. Temu aliingia uwanjani muda mrefu baadaye, akiwa wa 49. Katika michezo hiyo hiyo Wilson Kiprugut aliipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, kwa hivyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumkumbuka kijana wa 49.

Hapa ningependa walimu wenzangu watue kidogo. Sisi huyasoma matokeo kuanzia juu, na tukifika wa kumi karatasi imekwisha. Anayefuata hatumwandiki hata jina, na muhula ujao hatumwiti mazoezini. Lau wakuu wa Temu wangemhukumu kwa kipimo chetu, habari yake ingeishia Tokyo.

Haikuishia huko. Agosti 1966, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston, Jamaika, alisimama katika mbio za maili sita pamoja na Ron Clarke wa Australia. Clarke ndiye aliyekuwa bingwa wa saa: mwaka uliotangulia, mjini Oslo, alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 39.4. Temu, mwenye miaka 21, alimwacha kwa zaidi ya sekunde 20 na kumaliza kwa dakika 27 na sekunde 14.6.

Nayasisitiza ya Kingston kwa sababu maalumu. Temu aliposhinda tena miaka miwili baadaye, wapo waliodai kwamba ushindi ulitokana na hewa nyepesi ya mji wa Mexico, ulio mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari. Kingston ni mji wa pwani. Kule hapakuwa na mlima wa kusingiziwa, na joto liliwachoma wote wawili sawasawa.

Kule Mexico, tarehe 13 Oktoba 1968, Keino alishindwa kuendelea na mita 10,000 kwa maumivu ya nyongo. Clarke alimaliza wa sita, akaanguka na kupewa oksijeni. Walibaki Temu na Mamo Wolde wa Ethiopia. Wolde alitangulia katika mzunguko wa mwisho. Temu akampita mstari ukiwa karibu, kwa tofauti ya sekunde 0.6 tu. Dhahabu za Amos Biwott na Keino zilifuata baadaye katika michezo hiyo hiyo. Siku nne baadaye Temu alipata shaba ya mita 5,000, na tarehe 20 akakimbia marathon na kuwa wa 19. Yote hayo ndani ya siku nane! Mkufunzi wa leo angeyakataza.

Baada ya hapo hakung'aa tena kiasi hicho. Alifariki Nairobi tarehe 10 Machi 2003 kutokana na saratani, akiwa na umri wa miaka 57.

Niliposimulia haya pale Bukhungu, kijana mmoja aliyemaliza karibu na mkia alikuwa ameketi nyasini akikung'uta matope viatuni. Aliniuliza Temu alikuwa na umri gani kule Tokyo. Nikamjibu. Akahesabu vidoleni, kisha akamwendea mwalimu wake kuuliza mazoezi ya Jumatatu yanaanza saa ngapi.