Gandhi na Nguo ya Mkono Wake

Ndugu msomaji, tazama nguo uliyovaa sasa. Je, unamjua mtu aliyesokota nyuzi zake? Unamjua aliyeifuma? Wengi wetu hatuwajui. Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyeamua kujitengenezea nguo yake. Jina lake ni Mohandas Gandhi wa India.

Gandhi alizaliwa mwaka 1869 katika mji wa Porbandar. Wakati huo India ilitawaliwa na Waingereza. Mwaka 1888 alikwenda London kusomea sheria. Huko alinunua suti za bei kubwa. Kila siku alisimama mbele ya kioo akifunga tai na kuchana nywele.

Mwaka 1893 alikwenda Afrika ya Kusini, akafanya kazi ya uwakili. Gharama za dobi zilimlemea. Basi akanunua kitabu cha kufundisha kufua, akajifunza, akamfundisha na mkewe, Kasturba. Mara ya kwanza alipopiga pasi kola yake, alitia wanga mwingi mno, na pasi haikuwa na moto wa kutosha. Akaenda mahakamani wanga ukidondoka. Mawakili wenzake wakamcheka sana. Gandhi hakuona haya. Alifurahi, kwa sababu alikuwa ameanza kujitegemea.

Mwaka 1915 alirudi India. Karibu na mji wa Ahmedabad alianzisha makazi ya watu wanaoishi na kufanya kazi pamoja. Wakakubaliana kuvaa nguo za kufumwa kwa mikono tu. Lakini nani angewafundisha kusokota nyuzi? Mama mmoja aitwaye Gangaben Majmudar alitafuta kila mahali. Mwishowe aliyapata magurudumu ya kusokotea katika mji wa Vijapur. Watu walikuwa wameyatupa darini kama takataka.

Kwa nini waliyatupa? Wakulima wa India walilima pamba. Pamba ilipakiwa melini ikaenda Uingereza. Huko viwanda viliigeuza kuwa nguo. Nguo zikarudi India, na mkulima yule yule akazinunua. Wasokotaji na wafumi wa vijijini wakakosa kazi.

Gandhi alijifunza kusokota. Uzi ulikatika, akauunga. Ulikatika tena, akauunga tena. Hata alipokuwa mgonjwa, gurudumu lilizungushwa chumbani mwake. Mlio wake ulimpa furaha, naye aliamini kwamba ulimsaidia kupona. Nguo iliyotokana na kazi hiyo iliitwa khadi. Ilikuwa nzito na ngumu kidogo, lakini aliyeivaa aliona fahari.

Lakini palikuwa na tatizo. Mwaka 1921 Gandhi aliwahimiza watu waache nguo za kigeni. Maskini wakamwambia kwamba khadi ni ghali, hawawezi kuinunua. Gandhi hakuwakemea. Katika mji wa Madurai alivua kanzu na kofia, akabaki na shuka fupi ya khadi kiunoni. Kama maskini hakuweza kupata zaidi ya hiyo, basi na yeye ingemtosha. Tangu siku hiyo hakurudia mavazi ya zamani.

Mwaka 1931 alialikwa London kwa mazungumzo juu ya utawala wa India. Alikwenda kumwona mfalme akiwa amevaa shuka yake hiyo, mtandio na makubazi. Pia aliwatembelea wafanyakazi wa viwanda vya nguo katika jimbo la Lancashire. Wengi wao walikuwa wamekosa kazi, na sababu mojawapo ni kwamba Wahindi waliacha kununua nguo zao. Hata hivyo walimpokea kwa shangwe. Aliwaeleza kwa upole jinsi watu wa vijijini kwake walivyokuwa na njaa.

Mwaka 1944 Kasturba alifariki, wote wawili wakiwa kizuizini. Mwili wake ulivishwa sari iliyofumwa kwa nyuzi ambazo mumewe alizisokota mwenyewe. Hiyo ndiyo zawadi yake ya mwisho kwa mkewe.

India ilipata uhuru tarehe 15 Agosti 1947. Tarehe 30 Januari 1948 Gandhi alipigwa risasi mjini Delhi akafa. Siku hiyo pia alikuwa amevaa khadi.

Ndugu msomaji, huhitaji kutupa nguo zako za dukani. Lakini sindano na uzi si ghali. Unaweza kumshonea mtoto gauni kutokana na kanga yako ya zamani. Unaweza kutia kiraka cha rangi uipendayo, au kudarizi jina la umpendaye. Mshono wa kwanza ukienda upande, watu wakicheka, cheka nao. Kisha fumua, ushone tena.

Maswali
1. Kwa nini magurudumu ya kusokotea yalitupwa darini?
2. Gandhi alifanya nini maskini walipolalamika kwamba khadi ni ghali?
3. Katika kijiji chenu ni nani anayejua kushona, kufuma au kusuka? Mwombeni aje kulifundisha darasa.