Maisha ya Bruno Rossi, Mpima Miali ya Mbinguni

Katika magazeti yaliyopita ya shule yetu tumesoma maisha ya wafalme, ya mashujaa wa vita na ya wasafiri waliovuka bahari. Safari hii napenda kuwaeleza, wanafunzi wapenzi pamoja na wazazi wenu, habari za mtu ambaye hakutawala hata kijiji kimoja. Jina lake ni Bwana Bruno Rossi, Mwitalia. Mimi mwalimu wenu wa fizikia nina deni lake, kama mtakavyoona mbele.

Alizaliwa mjini Venice tarehe 13 Aprili, 1905. Baba yake alikuwa injinia wa umeme, mmoja wa waliosaidia kuuingiza umeme katika mji ule wa majini. Kijana alisoma Padova na Bologna, na mwaka 1928 akapata kazi katika maabara ya Arcetri, kilima kilicho karibu na Florence, mahali alipoishi Galileo miaka yake ya mwisho. Maabara yenyewe ilikuwa maskini.

Wakati ule wataalamu walikuwa wakibishana juu ya miali itokayo mbinguni usiku na mchana. Ni kitu gani? Wengine walisema ni namna ya nuru, wengine walisema ni chembe zenye umeme. Vyombo vya kuihesabu vilikuwako, lakini vililia hata kwa vitu vingine visivyohusika. Mwaka 1930 Bwana Rossi akatengeneza chombo cha umeme kilichounganisha vihesabio vitatu, kisiitike ila vyote vitatu vikilia kwa mara moja.

Nieleze kwa mambo ya hapa Kimbiji. Watu watatu wanalinda shamba la mihogo dhidi ya nguruwe, kila mmoja na debe lake. Debe moja likilia, huenda nazi imeliangukia. Madebe yote matatu yakilia papo hapo, inuka uchukue mkuki! Basi hiyo ndiyo akili ya Bwana Rossi: ushahidi wa mmoja hautoshi. Na leo ndani ya kila kompyuta mna vilango vidogo visivyohesabika vya namna ile ile, visivyosema ndiyo mpaka vyote viingiavyo vimesema ndiyo.

Tena alifikiri hivi: ikiwa miali ile ni chembe zenye umeme, sumaku ya dunia itaipinda, na itakuja zaidi kutoka upande mmoja, mashariki au magharibi. Jambo hilo huonekana vizuri karibu na ikweta. Kwa hiyo mwaka 1933 alifunga safari hadi Asmara, Eritrea, juu ya mlima wenye mita zaidi ya 2,300, yeye na mwenziwe Sergio De Benedetti. Wakaona kweli: miali ya magharibi ilikuwa mingi zaidi, maana yake chembe zile zina umeme chanya. Lakini ole wake! Wamarekani walikwisha kupima jambo lilo hilo huko Mexico na kulitangaza kabla yake kidogo.

Kule Asmara aliona na ajabu nyingine. Vihesabio vilivyowekwa mbalimbali vililia pamoja mara nyingi kuliko ilivyotazamiwa, kana kwamba mvua ya chembe inanyesha mahali papana kwa mara moja. Aliliandika, lakini hakulifuata. Miaka michache baadaye Mfaransa Pierre Auger alilifuata, akapata sifa. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa lake kubwa, nami simcheki, kwani alikuwa na kazi ya kujenga jumba jipya la fizikia huko Padova.

Jumba lilikwisha, naye hakulifaidi. Mwaka 1938 serikali ya Italia ilitoa sheria za kuwafukuza Wayahudi kazini, na Bwana Rossi alikuwa Myahudi. Ndiyo kwanza ameoa, mke wake Nora Lombroso. Wakatoka pamoja, wakapitia Denmark na Uingereza, wakafika Marekani mwaka 1939. Wakati wa vita alifanya kazi Los Alamos ilikotengenezwa bomu la atomu. Hayo sitayaeleza kwa urefu. Mwaka 1946 akawa profesa huko Massachusetts.

Mwaka 1959 alimshauri kijana Riccardo Giacconi atazame mbingu kwa miali ya eksirei. Hewa yetu huizuia miali hiyo, lazima chombo kipande juu yake. Tarehe 18 Juni, 1962, roketi iliruka kutoka New Mexico, ikakaa juu dakika zisizotimia sita. Walikuwa wakiutafuta mwezi. Wakaona mwanga mkali kutoka upande wa Nge, nyota ambazo wazee wa falaki huziita Akarabu. Nge ndiye yule tumwonaye mwezi wa Mei akitoka baharini hapa pwani jioni.

Ndipo tarehe 12 Desemba, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza ya kazi hiyo ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia baharini, Ngomeni karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ilipata vyanzo 339 vya eksirei, na kimoja kilipigapiga kila sekunde 4.84 kama moyo.

Bwana Rossi alifariki tarehe 21 Novemba, 1993, na majivu yake yamewekwa Florence, kwenye kanisa linalotazamana na kilima cha Arcetri. Tarehe 30 Desemba, 1995, Wamarekani walirusha setilaiti nyingine ya eksirei, wakaipa jina lake. Ilifanya kazi hadi Januari 2012. Hesabu zake zote zimehifadhiwa, na mtu yeyote huzipata bure pamoja na programu za kuzichambua.

Deni langu ndilo hili. Mwaka jana nilizichukua hesabu hizo kwa kompyuta yangu kuukuu, mtandao ukinikatikia mara mbili. Programu ikanichorea wimbi zuri, likipanda na kushuka kila baada ya saa moja na nusu hivi. Nikafurahi mno, nikalitangaza darasani kuwa ni mapigo ya nyota. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu akaniuliza setilaiti huizunguka dunia kwa muda gani. Nikanyamaza. Muda ulikuwa ule ule! Nilisahau kuiagiza programu iondoe saa ambazo dunia huiziba nyota, na kupunguza chembe zisizohusika. Jioni ile tulirudia kazi pamoja, yeye akisoma maelezo, mimi nikiandika. Wimbi likatoweka. Pakabaki mstari wenye mikwaruzo midogo, nao tunaupima mpaka sasa kila Jumamosi, umeme ukiwapo.