Tom Campbell Black, Rubani na Mwalimu

Sisi tukaao pwani hii ya Bagamoyo tumezoea kusikia habari za majahazi, na za misafara iliyokwenda kwa miguu miezi mingi mpaka Ujiji. Habari za watu walioanzisha safari za ndege katika nchi zetu hazisimuliwi sana. Mmoja wao ni Tom Campbell Black.

Alizaliwa mwaka 1899 huko Brighton, Uingereza. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa rubani, na vita vilipokwisha akaja Kenya kulima. Shamba halikumtuliza moyo. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi, na Black akawa meneja na rubani wake mkuu. Baadaye ndege za kampuni hiyo zilichukua barua na abiria kwenda Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Rubani aliongozwa na macho yake tu, akifuata reli, mito na milima. Mwaka 1931 rubani mashuhuri wa Kijerumani, Ernst Udet, alikwama katika mabwawa ya mto Nile, kusini mwa Sudan. Black alimtafuta kwa ndege mpaka akamwona, naye akaokoka.

Alikuwa mwalimu pia. Ndege ya kufundishia huwa na viti viwili, na kila kiti kina usukani wake. Mwanafunzi akikosea, mwalimu husahihisha papo hapo. Hivyo ndivyo alivyomfundisha Beryl Markham, binti wa Kiingereza aliyekulia Kenya.

Oktoba 1934, yeye na mwenzake C. W. A. Scott walishinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza mpaka Melbourne, Australia. Ndege yao nyekundu, aina ya Comet, ilikuwa na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na jozi moja tu ya mabawa, hali ndege nyingi za siku hizo zilikuwa na jozi mbili, moja juu ya nyingine. Walifika kwa muda usiotimia saa 71.

Mapema Septemba 1936 Beryl alivuka bahari ya Atlantiki peke yake, kutoka Uingereza mpaka Canada. Wiki mbili baadaye, tarehe 19, mwalimu wake alifariki. Hakuanguka kutoka angani. Ndege yake ilikuwa ingali chini, katika uwanja wa Speke, Liverpool, ilipogongwa na ndege ya jeshi. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Ndugu wasomaji, mtu huyu alikufa kijana, lakini elimu aliyoitoa ilikwisha kuvuka bahari. Siku zile za ukoloni kile kiti cha mwanafunzi hakikuwekwa kwa ajili ya vijana kama sisi. Leo Watanzania wanaendesha ndege, wanaume kwa wanawake. Kiti ki wazi. Kazi yetu ni kushika hesabu na fizikia, tuweze kukikalia.

Mwanafunzi, Kidato cha IV