Leonard Dawe, mwalimu aliyeshukiwa kuvujisha siri za vita kupitia mafumbo ya gazeti

Siku chache kabla ya majeshi ya Washirika kushuka Normandie, kaskazini mwa Ufaransa, wapelelezi wa idara ya usalama ya Uingereza, MI5, walimwendea mwalimu mmoja mwenye miaka 54. Leonard Dawe hakuwa na cheo jeshini wala serikalini. Alikuwa mkuu wa Strand, shule ya wavulana ya London, yaani prefe kama tunavyosema kwetu. Pembeni ya kazi hiyo alitunga mafumbo ya maneno, yale ya kujaza herufi katika miraba, kwa ajili ya gazeti la Daily Telegraph.

Majibu ya mafumbo yake ndiyo yaliyowashtua wapelelezi.

Dawe alizaliwa mwaka 1889 na kusomea sayansi katika chuo kikuu cha Cambridge. Kijana huyo alicheza pia mpira wa miguu katika timu ya Southampton, bila malipo, na watazamaji walimtambua haraka kwa sababu aliingia uwanjani amevaa miwani. Baada ya vita vya kwanza vya dunia alibaki katika ualimu. Gazeti lilipoanza kuchapa mafumbo mwezi wa saba mwaka 1925, fumbo la kwanza lilitoka mkononi mwake.

Mafumbo ya Waingereza si ya kuuliza tu maana ya neno. Mtunzi anatega. Anatoa sentensi inayoonekana kuzungumzia jambo moja, kumbe jibu limefichwa kwingine, na msomaji akilipata anacheka au anakasirika. Fumbo moja la Dawe lilitaja kichaka kilicho katikati ya mapinduzi ya watoto. Anayewaza siasa amepotea. Kwa Kiingereza neno hilo la mapinduzi lina maana pia ya kuzunguka, na watoto wa Uingereza wana wimbo wa kuzunguka mforsadi. Jibu ni jina la mti huo: Mulberry.

Ubaya ni kwamba Mulberry lilikuwa pia jina la siri la bandari za kutengenezwa ambazo Washirika walipanga kuzivuta baharini hadi Normandie.

Na halikuwa peke yake. Tarehe 2 mwezi wa tano mwaka 1944 jibu moja lilikuwa Utah. Tarehe 22 likaja Omaha. Hayo yalikuwa majina ya siri ya fukwe mbili ambako Wamarekani wangeshukia. Tarehe 27 likatokea Overlord, jina la operesheni nzima. Mulberry lilifuata tarehe 30. Tarehe 1 mwezi wa sita fumbo lilisema kwamba Britannia na mwenzake wanashika kitu kimoja. Britannia ni yule mwanamke anayewakilisha Uingereza kwenye sarafu, mkononi ana mkuki wa meno matatu. Mwingine mwenye mkuki huo ni mungu wa bahari wa Waroma, Neptune. Hilo nalo lilikuwa jina la siri la kazi ya meli katika uvamizi huo.

Wapelelezi walikuwa na sababu ya kuogopa. Tarehe 17 mwezi wa nane mwaka 1942, jibu la fumbo lilikuwa Dieppe, bandari ya Ufaransa. Siku mbili baadaye Washirika waliishambulia Dieppe, na zaidi ya nusu ya askari karibu elfu 6 waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Uchunguzi wa wakati huo ulisema ni sadfa. Safari hii maisha ya watu wengi zaidi yalikuwa hatarini, na kumsaidia adui kulikuwa na adhabu ya kifo.

Dawe alihojiwa kwa ukali. Mtu aliyezoea kueleza kila neno alilotega alishindwa kueleza kwa nini maneno hayo matano yalitoka kwake mwezi huo. Mtunzi mwenzake, Melville Jones, alihojiwa pia. Hawakupatikana na hatia. Tarehe 6 majeshi yalishuka, na siri ikawa si siri tena.

Mwaka 1958 Dawe alisimulia kisa hicho kwenye televisheni ya BBC kama mambo ya bahati tu, akifanya utani kwamba mwishoni wapelelezi waliamua kutowapiga risasi. Alifariki mwaka 1963.

Mwaka 1984, mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alitoa maelezo mengine. Wakati wa vita shule ilikuwa imehamishiwa Effingham, mashambani, karibu na kambi za askari wa Marekani na Kanada. Prefe alikuwa na desturi ya kuwapa wavulana miraba mitupu waijaze maneno, kisha yeye anatunga mafumbo yake juu ya maneno hayo. Mwanafunzi huyo alisema aliyasikia majina hayo kwa askari, akayaweka. Wako wasiomwamini. Lakini tunaona maelezo haya yanalingana na namna Dawe alivyofanya kazi: maneno ya watoto, mtego wake.

Kwa mujibu wa mwanafunzi huyo, baada ya kuhojiwa Dawe alimwita, akakagua madaftari yake, akaamuru yachomwe moto, kisha akamwapisha kwa Biblia asiseme lolote. Kwenye televisheni, miaka 14 baadaye, Dawe hakutaja mwanafunzi yeyote.