Antoinette Lubaki, muchoraji wa Bukama: ulozi au hadisi za jioni?

Maji ya Lualaba yenye kupita hapa Kindu yanapita kwanza Bukama, kule Katanga. Ni pale Bukama, karibu miaka 100 iliyopita, mwanamuke mumoja alichora wanyama, miti na watu kwa rangi za maji. Jina lake Antoinette Lubaki. Mwaka wa 2022, alikuwa kati ya wachoraji waliowekwa katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, inchini Italia, tena ndani ya sehemu ambayo jina lake lilitaja mulozi. Majirani zake pale walikuwa Leonora Carrington, Remedios Varo na wanawake wengine wenye kujulikana sana kwa picha za ndoto na mambo ya ajabu, uchoraji wenye kuitwa surealisimu.

Kule Ulaya, kumuweka muchoraji chini ya jina kama hilo ni kumusifu. Huku kwetu mashariki, mama akiitwa mulozi anaweza kufukuzwa kijijini, kupigwa, hata kuuawa. Kwa hiyo ni vizuri kuangalia huyu mama alifanya nini.

Alizaliwa 1895, mutoto wa chifu. Akaolewa na Albert Lubaki, fundi wa kuchonga meno ya tembo. Bukama ya wakati ule ilikuwa na watu wengi: treni kutoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilifika pale mwaka wa 1918, na kutoka hapo wasafiri walishuka kwa meli kuelekea Kongolo.

Mwaka wa 1926 Mubelgiji mumoja wa serikali ya kikoloni, Georges Thiry, aliona nyumba za udongo zenye kuta zilizochorwa. Zilimupendeza. Lakini picha ya ukuta haikai: mvua ikinyesha miezi michache, imekwisha. Thiry akawapa Antoinette na bwana yake karatasi na rangi, ili picha zibaki. Hapa kuna jambo ambalo Wazungu wengi walisahau kusema: Thiry alileta karatasi. Ufundi aliukuta.

Na kwenye hizo karatasi kuna nini? Wanyama, ndege, miti, watu. Mara nyingi wanaelea kwenye weupe wa karatasi, bila udongo chini, bila mbingu juu. Mutu wa Bruxelles au Paris akiona vile, anafikiri ni ndoto. Na wakati ulikuwa wa ndoto kweli: mwaka wa 1924 tu André Breton alikuwa ametoa tangazo lake kule Paris, akiita wasanii waache akili ya kila siku wafuate ndoto. Picha za Bukama zilifika kwa watu waliokuwa tayari wanatafuta ajabu.

Lakini mwenye kukua akisikiliza hadisi za kabuluku na chui jioni kando ya moto haoni ulozi pale. Munyama mumoja akisimama karibu na muti, hadisi imeanza. Ni sawa na vitu vya bwami vya Warega wa Pangi, zile sura ndogo za meno ya tembo. Wageni walizifikiri ni sanamu za dawa tu, kumbe kila moja inatembea na mezali yake, na inafundisha mutu namna ya kuishi. Siri iko pale, ndiyo, lakini siri na ulozi ni vitu viwili.

Thiry alituma picha kwa Gaston-Denys Périer, mukubwa wa wizara ya makoloni kule Bruxelles. Zikaonyeshwa Bruxelles 1929, Geneva 1930, Paris 1931. Jina lililotangazwa zaidi lilikuwa la Albert. Bibi yake alibaki nyuma, kama kawaida. Katikati ya miaka ya 1930 mawasiliano yakakatika, na Wazungu hawakutafuta tena habari za Bukama.

Ilipofika 2015, maonyesho ya Fondation Cartier kule Paris yalihesabu historia ya uchoraji wa Congo kuanzia 1926, mwaka ule ule wa karatasi za Bukama, na jina la Antoinette likaandikwa kando ya lile la bwana yake. Sehemu ya picha za Bukama iko Bruxelles, nyingine katika makumbusho ya Geneva. Mukaaji wa Kindu mwenye kutaka kuziona kwa macho yake atahitaji viza.