Pinto Colvig: Alimpa Goofy sauti, Goofy akabaki bila yeye

Mvuvi wa mwalo wa Kirumba, Mwanza, akiitazama katuni ya How to Fish atacheka mpaka basi. Goofy anaenda kuvua, lakini mshipi, ndoano na boti vyote vinamshinda. Msimulizi anaelekeza kama mwalimu, Goofy anaharibu.

Katuni hiyo ya Disney ilitoka 1942. Sauti ya Goofy ilikuwa ya jamaa ambaye wengi hawamjui: Pinto Colvig.

Alizaliwa 1892 Jacksonville, Oregon, Marekani. Ujanani alipiga klarineti na kuchekesha watu kwenye sarakasi. Mwaka 1932 alimpa Goofy kile kicheko chake maarufu. Mwaka 1937 akawa sauti ya vibete wawili wa Snow White, Grumpy na Sleepy.

Baadaye akakorofishana na studio, akaondoka. Goofy hakuondoka naye. Disney walirudia sauti alizokwisha kurekodi, huku msimulizi akibeba maneno mengi. Kumbe pengo lile likazaa mtindo mpya: msimulizi anaongea, Goofy anaanguka. Ndio mtindo wa How to Fish.

Colvig alirudi Disney miaka ya 1940. Mwaka 1946 akawa mtu wa kwanza kuigiza Bozo, mchekeshaji wa sarakasi.

Alikuwa mvutaji sigara. Saratani ya mapafu ilimuua Oktoba 3, 1967, akiwa na miaka 75. Disney walimtunuku rasmi 1993, miaka 26 baada ya kifo chake.